Wasomaji Wanauliza: Vifo Vyetu Huhesabiwaje?

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, iliyohesabu Watanzania 61,741,120, na humo tukataja kwa sentensi mbili tu kwamba vifo vya watoto vimepungua na kwamba umri wa kuishi umeongezeka. Sentensi hizo mbili zimetuletea barua nyingi kuliko makala yote iliyobaki, na sehemu kubwa ya barua hizo imetoka Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe. Tunajibu baadhi yake hapa. Majina tumeyaacha, tumebakiza kazi ya mwandishi na mahali anapoishi.

Mwalimu wa sekondari, Tukuyu: Ninafundisha jiografia. Tunawaambia wanafunzi kwamba mwaka 2002 wastani wa umri wa kuishi Tanzania ulikuwa miaka 51. Darasa zima hucheka, maana kila mmoja ana bibi au babu aliyevuka miaka 75 na bado anapalilia migomba yake. Je, takwimu hii inamhusu nani?

Mwalimu, wanafunzi wako wana haki ya kucheka, lakini takwimu hiyo haina kosa. Umri wa kuishi unaotajwa katika ripoti huanza kuhesabiwa siku ya kuzaliwa, kwa hiyo humjumuisha mtoto aliyeishi saa tatu sawasawa na mzee wa miaka 90. Tuseme watoto 10 wamezaliwa, 2 wakafariki katika siku zao za mwanzo na 8 wakafikisha miaka 70: wastani wao ni miaka 56, ingawa hakuna hata mmoja aliyefariki akiwa na umri huo wala karibu nao. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 1999 ulikuta kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini, 147 walifariki kabla ya kutimiza miaka 5, yaani karibu mtoto 1 katika kila 7. Wale bibi na babu wa Rungwe ni watu waliovuka mlango huo, na aliyeuvuka alikuwa tayari na matumaini ya kuishi miaka mingi zaidi ya 51.

Kama ningekuwa darasani kwako, ningetumia muda zaidi kwenye namba tatu. Kwa mujibu wa sensa, umri wa kuishi ulikuwa miaka 50 mwaka 1988, miaka 51 mwaka 2002, na zaidi kidogo ya miaka 61 mwaka 2012. Miaka 14 ya kwanza ilileta nyongeza ya mwaka mmoja. Miaka 10 iliyofuata ikaleta nyongeza ya miaka 10. Waulize wanafunzi ni nini kilichotokea katika kipindi cha kwanza. Jibu kubwa ni UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na ambao uliua watu wazima wa umri wa kulea na kufanya kazi, hata faida yoyote iliyopatikana kwa watoto ikamezwa na vifo vya wazazi wao. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, mstari uliokuwa umelala ukaanza kupanda. Wakati huohuo vifo vya watoto chini ya miaka 5 vilishuka kwa kasi: 112 kwa kila watoto 1,000 katika utafiti wa 2004-05, 81 mwaka 2010, 67 katika utafiti wa 2015-16 na 43 mwaka 2022. Vyandarua vyenye dawa vina sehemu yake katika mteremko huo, na chanjo pia, hasa ile ya magonjwa matano iliyoanza kutolewa mwaka 2009 na zile za nimonia na kuhara zilizofuata mwanzoni mwa 2013.

Mama wa biashara ndogo, Soweto, Mbeya: Zamani msibani tulisikia malaria, kuhara, surua. Siku hizi kila msiba ni presha, sukari au kansa. Je, ni haya mafuta na vyakula vya dukani vinavyotumaliza?

Mama, vyakula vimo, lakini si jibu lote, na nadhani si hata nusu yake. Mtu asiyekufa kwa surua akiwa na miaka 3 atakufa kwa jambo jingine baadaye, na magonjwa yanayongoja baadaye ni hayohayo uliyoyataja. Kijiji kilichozika watu 100 kwa mwaka, 40 kati yao wakiwa watoto na 10 wakiwa wamekufa kwa kiharusi, kikifanikiwa kupunguza vifo vya watoto hadi 15, kitazika watu 75, na wale 10 wa kiharusi wataonekana kuwa wengi zaidi katika hesabu ya misiba, ingawa hakuna hata mmoja aliyeongezeka. Kwa hiyo mtu anapokuambia kwamba magonjwa yasiyoambukiza sasa ni asilimia fulani ya vifo vyote, muulize kwanza kama idadi yenyewe imepanda au ni vifo vingine vilivyopungua.

Hata hivyo presha yenyewe si ugeni wa juzi. Katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, ilifuatilia vifo vya watu wazima Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini, na matokeo kuhusu kiharusi yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba, umri kwa umri, Watanzania wa maeneo hayo walikuwa wakifa kwa kiharusi kuliko watu wa Uingereza. Maelezo yaliyokubalika zaidi hayakuwa chipsi. Yalikuwa shinikizo la juu la damu lisilopimwa na lisilotibiwa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta takriban asilimia 26 wakiwa na shinikizo la juu la damu na asilimia 9 wakiwa na kisukari, na wengi wa wenye presha hawakuwa kwenye dawa. Uzito, pombe, chumvi nyingi na kukaa kitako vinaongeza hatari, na mjini vinaongezeka, hilo sikatai. Lakini jambo la kwanza ninalokushauri ni kupimwa presha katika zahanati ya karibu, hata kama hujisikii vibaya, kwa sababu ugonjwa huu mara nyingi hauna dalili mpaka siku unapoangusha mtu.

Mwanachuo, Iringa: Tunaambiwa tunaushinda UKIMWI. Lakini nimesoma kwamba Njombe ilikuwa na asilimia 11.4 ya watu wazima wenye VVU katika utafiti wa 2016-17, na asilimia 12.7 katika ule wa 2022-23. Kushinda gani huku?

Umezisoma vizuri namba zako, na ungeweza kuongeza kwamba Iringa ilikuwa na asilimia 11.3 ikawa 11.1, Mbeya 9.3 ikawa 9.6, wakati taifa zima kwa watu wa miaka 15 na kuendelea lilishuka kutoka 4.9 hadi 4.4. Shida iko katika kile tunachokitarajia kutoka kwa kipimo hiki. Asilimia hiyo inawahesabu watu wote wanaoishi na virusi leo, waliovipata mwaka huu pamoja na waliovipata miaka 20 iliyopita. Hupungua kwa njia mbili: watu wachache zaidi kuambukizwa, au watu wengi zaidi kufa. Katika miaka ambayo Makete ilikuwa ikijaza makaburi na kubaki na yatima wanaolelewa na bibi zao, kila kifo kilikuwa kinapunguza asilimia hiyo, na hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angeyaita hayo mafanikio. Leo mwenye virusi anayemeza dawa zake huishi, hulima, hulipa ada, na mtafiti akipita hukutwa na kuhesabiwa.

Utafiti wa 2022-23 ulikuta kwamba kati ya watu wazima wanaoishi na VVU nchini, asilimia 82.7 walikuwa wanajua hali zao. Kati ya hao asilimia 97.9 walikuwa kwenye dawa. Na kati ya walio kwenye dawa asilimia 94.3 walikuwa na virusi vilivyofubazwa. Hizo ndizo namba zinazosema kuhusu vifo. Ile inayobaki kuwa pungufu ni ya kwanza, kwa sababu asiyejua hali yake ndiye anayefika hospitali akiwa amechelewa.

Kuna tahadhari mbili nyingine. Tofauti ya 11.4 na 12.7 ni ndogo kwa utafiti wa sampuli, na inaweza kutokea hata kama hakuna kilichobadilika. Na mipaka ya mikoa yetu inahama: Njombe ilikuwa ndani ya Iringa mpaka mwaka 2012, na Songwe ilikuwa ndani ya Mbeya mpaka 2016, kwa hiyo anayelinganisha Iringa ya 2004 na Iringa ya leo analinganisha maeneo mawili tofauti. Kwa nini kanda yetu iko juu tangu mwanzo, wataalamu hutaja barabara kuu ya kwenda Zambia, vibarua wa msimu katika chai na mbao, na ukweli kwamba makabila kadhaa ya huku hayakuwa na desturi ya kutahiri wanaume, jambo ambalo majaribio yaliyofanyika Afrika Kusini, Kenya na Uganda yalionyesha kuwa hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa kwa takriban asilimia 60. Ndiyo maana kampeni za tohara zilielekezwa huku kwa nguvu.

Mtendaji wa kijiji, Makete: Mtu akifia hospitali, karatasi huja na sababu ya kifo. Akifia nyumbani, ndugu huja asubuhi wakiwa na haraka ya kuchimba kaburi, nami huuliza alikuwa anaumwa nini. Wengine husema presha, wengine homa, wengine hunyamaza, na wapo wanaosema wazi kwamba amerogwa. Niandike nini? Na ninayoyaandika yanasomwa na nani?

Ndugu mtendaji, barua yako imegusa mahali ambapo takwimu zote tulizozitaja hapo juu zina udhaifu mmoja. Karibu zote zimepatikana kwa kuwauliza walio hai: mama anaulizwa alizaa wangapi na wamebaki wangapi, kaya inaulizwa na karani wa sensa nani alifariki katika miezi 12 iliyopita, mtu mzima anaulizwa kuhusu ndugu zake wa tumbo moja. Njia iliyo ya moja kwa moja, yaani kuandika kila kifo siku kinapotokea, ndiyo tunayoitumia kidogo zaidi, ingawa sheria yake ni ya zamani kuliko uhuru. Amri ya kwanza ya usajili wa vizazi na vifo ilitungwa mwaka 1920, na sheria ya sasa, Sura ya 108, inataka kifo kitolewe taarifa ndani ya siku 30. Msimamizi wake ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, ambao katika wilaya hufanya kazi kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya.

Kibali cha mazishi unachokitoa wewe si cheti cha kifo, na hapo ndipo familia nyingi huishia. Anayeendelea mpaka wilayani ni yule anayehitaji karatasi: mjane anayefuatilia mafao, watoto wanaofungua mirathi, ndugu wenye akaunti ya marehemu benki. Kwa maoni yangu matokeo yake ni kwamba daftari la taifa linamwona zaidi mwanamume aliyekuwa na ajira au mali, na linamkosa mtoto aliyeishi siku mbili pamoja na bibi wa miaka 80 asiye na shamba kwa jina lake, ambao ndio hasa tungetaka kujua wanakufa kwa nini. Usajili wa kuzaliwa kwa watoto chini ya miaka 5 ulipata msukumo mkubwa ulipoanza kutolewa bure katika vituo vya tiba na ofisi za kata, na mkoa wa Mbeya ulikuwa wa kwanza kuupokea kwa mkoa mzima mwaka 2013. Vifo havijapata msukumo unaolingana na huo.

Kuhusu sababu, hata daktari hukosea kama wanavyokosea wafiwa. Fomu inayofuata utaratibu wa Shirika la Afya Duniani humtaka aanze na hali iliyomuua mgonjwa, kisha aandike kilicholeta hali hiyo, kisha kilicholeta hicho, mpaka afike kwenye chanzo cha msingi, na ni chanzo hicho cha mwisho kinachoingia katika takwimu. Mwanamke mwenye presha isiyotibiwa akipata kiharusi, akalala kitandani miezi miwili, akapata nimonia na kufariki, familia itasema nimonia, na kwa maana ya siku ile wako sahihi, lakini fomu inapaswa kufika mpaka kwenye presha, kwa sababu hapo ndipo kifo kile kingeweza kuzuiwa. Daktari anayeandika kwamba moyo ulisimama hajaandika kitu, maana hakuna aliyezikwa moyo wake ukiwa unapiga.

Kwa vifo vya nyumbani, ambako hakuna daktari, kuna njia ya mahojiano. Mhojaji aliyefunzwa hufika nyumbani baada ya matanga kupita, huketi na mtu aliyemuuguza marehemu, na huuliza kwa utaratibu: aliugua siku ngapi, alikuwa na homa, alikohoa, alikonda, alivimba miguu, alipooza upande mmoja, alikuwa mjamzito, aliumia. Majibu husomwa na madaktari, au siku hizi na programu ya kompyuta, na hutolewa sababu inayoelekea kuwa ya kweli. Ule mradi wa Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini nilioutaja kwa mama wa Soweto ulitumia njia hii kuanzia mwaka 1992, na ulionyesha kwamba UKIMWI ulikuwa ukiongoza kuua watu wazima katika maeneo yote matatu, katika miaka ambayo wafiwa walikuwa wakisema tu kwamba marehemu aliugua kwa muda mrefu.

Kwa hiyo usijifanye daktari, wala usiwaache wafiwa wawe madaktari. Pamoja na jina la ugonjwa waliokutajia, andika ulichoambiwa kuhusu dalili na muda wake, ukianza na umri na jinsia. Wakisema presha, uliza alipimwa wapi na kama alikuwa na dawa. Kama kuna kadi ya kliniki ndani ya nyumba, omba uione. Kama marehemu ni mwanamke wa umri wa kuzaa, uliza kwa upole kama alikuwa mjamzito au alijifungua karibuni, kwa sababu ni swali linalosahauliwa kuliko yote. Katika baridi ya huko kwenu ya Juni na Julai, kama mtu amekutwa amekufa chumbani asubuhi, uliza kama jiko la mkaa liliachwa ndani na madirisha yamefungwa, maana hewa yake huua bila harufu. Wanaosema amerogwa usibishane nao mbele ya jeneza. Waulize alianzaje kuugua, andika hayo, na utaona kwamba mara nyingi umeelezwa kiharusi au kifua kikuu bila mtu yeyote kutaja jina lake. Kifo chenye jeraha au mashaka hakiandikiwi kibali mpaka polisi waarifiwe, hata kama kaburi limeshachimbwa.

Na nani anasoma? Kwa desturi ilivyo, daftari likijaa huwekwa kabatini. Lakini mkutano mkuu wa kijiji unaweza kuwa msomaji wa kwanza. Katika mkutano wa robo mwaka, soma idadi ya vifo kwa makundi ya umri, bila jina la mtu. Kijiji kikigundua kwamba watoto wachanga watatu wamezikwa ndani ya miezi mitatu, mganga wa zahanati atakuwa na jambo la kujieleza siku hiyohiyo, bila kungoja utafiti wa taifa ambao hufanyika kila baada ya miaka kadhaa.

Mkunga mstaafu, Mafinga: Nimefanya kazi ya kuzalisha maisha yangu yote. Nimefurahi kusikia kwamba vifo vya wajawazito vimeshuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Ila kama mkunga najiuliza: kwa miaka michache hivyo?

Shikamoo mama. Mashaka yako ni ya mtu anayeijua kazi. Namba zote mbili zimetoka katika Utafiti wa Demografia na Afya, ya kwanza ule wa 2015-16 na ya pili ule wa 2022, na kabla yake utafiti wa 2010 ulikuwa umetoa 454. Ukizipanga kwa mfuatano utaona kwamba vifo vilipanda sana halafu vikashuka mno, jambo ambalo haliendani na wodi yoyote uliyowahi kuifanyia kazi. Sababu yake kubwa ni namna ya kupima. Kifo cha mama mjamzito, kwa bahati njema, ni tukio adimu; utafiti huuliza wanawake zaidi ya elfu 10 kuhusu dada zao, na vifo vinavyopatikana ni vichache kiasi kwamba pungufu au nyongeza ya vifo kadhaa huyumbisha hesabu ya nchi nzima. Makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa, yanayounganisha vyanzo mbalimbali, yaliiweka Tanzania kwenye 238 kwa mwaka 2020. Mimi ninaamini kwamba kupungua ni kwa kweli, kwa sababu wanawake wengi zaidi wanajifungulia vituoni na upasuaji umesogezwa mpaka vituo vya afya, lakini singeapa kwa 104 wala singeapa kwa 556.

Ninachokuomba ukitazame ni namba nyingine ambayo haikutangazwa kwa shangwe. Vifo vya watoto wachanga katika siku 28 za mwanzo vilikuwa 25 kwa kila 1,000 katika utafiti wa 2015-16, na vikawa 24 mwaka 2022. Vile vya chini ya miaka 5 kwa ujumla vilishuka kutoka 67 hadi 43 katika muda huohuo, kwa maana kwamba zaidi ya nusu ya watoto wanaofariki kabla ya miaka 5 sasa hufariki kabla ya kutimiza mwezi. Hawa hawaokolewi na chandarua. Ni njiti, ni waliochelewa kupumua walipozaliwa, ni walioambukizwa, na kinachowaokoa ni mikono iliyofunzwa dakika ile ya kwanza, mfuko wa kupumulishia unaofanya kazi, na mama aliyefundishwa kumbeba njiti kifuani ngozi kwa ngozi. Wastaafu kama wewe mngekuwa bado na kazi ya kufundisha vijana jambo hilo, kama kuna atakayewaita.

Dereva wa daladala, Mbalizi: Sisi wa mteremko wa Iwambi tumezoea malori kukatika breki. Je, ajali haziui kuliko malaria huku kwetu?

Kwa Mbeya mjini na nyanda za juu za Iringa na Njombe, ambako malaria kwa watoto ni miongoni mwa iliyo chini kabisa nchini kwa sababu ya baridi ya mwinuko, ni rahisi kukubaliana nawe. Ukishuka Kyela kando ya Ziwa Nyasa, kwenye joto, hali ni tofauti, na hapo utaona kwa nini wastani wa mkoa mmoja unaweza kumdanganya mtu wa kila upande wa mkoa huo. Ajali zina jambo jingine: Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 1.19 vya barabarani duniani kwa mwaka 2021, na ndizo zinazoongoza kuua watu wa miaka 5 hadi 29, kwa hiyo kila kifo huchukua miaka mingi ambayo mtu angeishi. Makadirio ya shirika hilo kwa Tanzania ni makubwa mara kadhaa kuliko idadi ya polisi, na ninadhani sehemu ya tofauti hiyo ni majeruhi wanaofariki wodini wiki mbili baada ya ajali, wakati kimataifa kifo chochote kinachotokea ndani ya siku 30 huhesabiwa kuwa cha ajali.

Mwanafunzi wa kidato cha sita, Vwawa: Nimekuta kwamba Japani watu hufa kwa kiwango kikubwa kuliko Tanzania. Inawezekanaje, na wao wana hospitali kuliko sisi?

Inawezekana kabisa. Mwaka 2022 Japani ilipoteza watu zaidi ya milioni 1.5 kati ya takriban milioni 125, yaani kama watu 12 kwa kila 1,000, wakati makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa Tanzania ni karibu nusu ya kiwango hicho. Karibu watu 3 katika kila 10 wa Japani wana miaka 65 au zaidi. Kwetu zaidi ya asilimia 40 ya watu hawajafika miaka 15. Nchi ya wazee huzika zaidi hata ikiwa na madaktari bora. Wataalamu husawazisha umri kwanza, kwa kuuliza kila nchi ingekuwa na vifo vingapi kama zote zingekuwa na mchanganyiko uleule wa vijana na wazee, na hesabu hiyo ikifanyika Japani huwa chini sana. Hilo lina maana hata hapa nyumbani: kijiji ambacho vijana wake wamehamia Tunduma, Mbeya na Dar es Salaam kitaonekana kuwa na vifo vingi bila ugonjwa wowote mpya kuingia.

Mkulima, Ludewa: Baba alifariki nyumbani mwaka 2009, hatukuandikisha. Je, muda umepita?

Muda wa kawaida umepita, lakini usajili wa kuchelewa upo. Utatakiwa kuleta ushahidi kwamba kifo kilitokea, na barua ya mtendaji wa kijiji alikozikwa ndiyo pa kuanzia. Ukiwa na kibali cha mazishi cha wakati ule, kadi ya hospitali au kumbukumbu za kanisa au msikiti kuhusu mazishi, beba zote. Kisha nenda ofisi ya msajili iliyo kwa mkuu wa wilaya, na uulize ada ya usajili wa kuchelewa kabla hujalipa mtu yeyote njiani.